Silaha za ajabu zilizoshindwa kazi: kwa nini watu wenye akili walizitengeneza?

Mzee wa Mkunguni

Assalamu alaikum wanabaraza. Juzi jioni nilimpeleka mjukuu wangu ufukweni, tukasimama karibu na mizinga mikongwe iliyolala mbele ya makumbusho yetu hapa Lamu. Akaniuliza kama mizinga ile iliwahi kumdhuru mtu au iliwekwa pale ili watu waiogope tu. Sikuwa na jibu la kumridhisha mtoto wa miaka tisa, na tangu hapo nimekuwa nikisoma kuhusu silaha ambazo zilitisha zaidi kuliko zilivyofaa.

Iliyonishangaza kuliko zote ni bunduki ya mitutu saba. Ilibuniwa na James Wilson mwaka 1779, ikatengenezwa na Henry Nock wa London kwa ajili ya mabaharia wa Uingereza. Mitutu sita iliuzunguka mmoja wa katikati, na yote ililipuka kwa mvuto mmoja wa kifyatulio. Askari alitakiwa apande mlingotini na kuwamiminia risasi watu waliokuwa kwenye sitaha ya adui. Lakini ilipolipuka, ilirudi nyuma kwa nguvu kiasi cha kuwavunja mabega waliokuwa wameishika.

Dai langu ni hili: silaha ya namna hii hushindwa kwa sababu mbunifu alimfikiria sana anayepigwa, akamsahau anayepiga. Je, ninyi mnaonaje?

Nahodha wa Shela

Waalaikumu salaam, mzee wangu. Bega ni nusu ya habari. Nimefanya kazi katika majahazi kwa zaidi ya miaka ishirini na ninajua kilivyo chombo cha matanga huko juu: tanga kavu, kamba zilizopakwa mafuta, foromali na mlingoti wa mbao. Ukilipua mitutu saba ya baruti mahali pale, cheche zinazotoka mdomoni zinaweza kuliwasha tanga lako mwenyewe kabla hujajua kama umempata adui. Hofu hiyo ilikuwepo kwa wale mabaharia pia, na ni sababu mojawapo iliyofanya bunduki ile isipendwe melini.

Kwa hiyo mimi nasema kilichosahauliwa ni mahali. Tazameni gurudumu la Waingereza lililoitwa Panjandrum. Lilikuwa na magurudumu mawili ya mbao yenye kimo cha mita 3 hivi, katikati yake pipa la kubeba zaidi ya tani moja na nusu ya baruti, na pembeni yamefungwa maroketi ya kulisukuma. Lilikusudiwa lishushwe kutoka katika chombo, lipande ufuko peke yake na kuubomoa ukuta wa zege wa Wajerumani nchini Ufaransa. Lilijaribiwa mwaka 1943 katika ufuko wa Westward Ho! kusini magharibi mwa Uingereza, mbele ya watu waliokuja kuogelea. Roketi moja ikichomoka au ikichelewa kuwaka, upande mmoja unavuta kuliko mwingine na gurudumu linageuka. Waliongeza idadi ya maroketi, wakaongeza gurudumu la tatu, wakajaribu kuliongoza kwa nyaya za chuma, na bado lilikwenda lilikotaka. Katika jaribio la mwanzoni mwa mwaka 1944 liliwaelekea maofisa waliokuja kulitazama, wakalazimika kukimbia kuokoa maisha yao.

Mtu yeyote aliyewahi kuvuta mashua katika mchanga wa Shela angeweza kuwaambia kwamba ufuko haulingani: hapa pagumu, hatua mbili mbele pamemeza mguu. Mchanga haukubali kitu kizito kinachotaka kwenda moja kwa moja.

Jirani wa Gede

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi naishi karibu na magofu na nimezoea kuwaona popo wakitoka magharibi inapoingia, ndiyo maana habari ya bomu la popo ilinigusa. Wamarekani waliwafunga popo mabomu madogo ya moto na kuwaangusha juu ya miji ya Japani, nayo miji ile ikaungua kwa sababu nyumba zilikuwa za mbao na karatasi. Hiyo nadhani haikuwa silaha iliyoshindwa.

Maalim wa Malindi

Ndugu yangu Jirani, nusu ya kwanza umeipata, nusu ya pili inahitaji kusahihishwa. Popo wale hawakufika Japani kamwe. Wazo lilitolewa na daktari wa meno aitwaye Lytle Adams wa Pennsylvania, aliyemwandikia Rais Roosevelt mwanzoni mwa mwaka 1942. Hesabu yake haikuwa ya kijinga, kwa kuwa popo wadogo wa mapango ya Texas na New Mexico hupatikana kwa mamilioni, hubeba mzigo mkubwa ukilinganisha na uzito wao, hulala kama wafu wakipozwa, na asubuhi hujificha wenyewe chini ya mapaa, mahali ambapo moto ungeanza bila kuonekana.

Mwezi wa Mei mwaka 1943, katika uwanja wa ndege za kijeshi wa Carlsbad huko New Mexico, baadhi ya popo waliobeba mabomu walitoroka na kujificha katika majengo ya uwanja wenyewe, yakaungua. Kwa maneno mengine, silaha ilifanya kazi yake barabara, ila kwa mwenyewe. Mradi ulisimamishwa mwaka 1944 baada ya kutumia dola milioni 2 hivi.

Sasa Mzee wa Mkunguni anasema mtumiaji alisahauliwa, na Nahodha anasema mahali palisahauliwa. Kwangu mimi popo wanaonyesha jambo la tatu: silaha yenye uhai ina nia yake. Warusi waliwafunza mbwa kutafuta chakula chini ya vifaru vya vita ili baadaye wabebeshwe mabomu. Mbwa walifunzwa kwa vifaru vya kwao vilivyotumia dizeli, na walipopelekwa vitani mwaka 1941 baadhi yao walivikimbilia vifaru vile vile vya kwao, kwa kuwa harufu waliyoijua ilikuwa hiyo, ilhali vya Wajerumani vilitumia petroli. Mnyama alitii alichofunzwa kuliko mwanadamu alivyokusudia.

Jirani wa Gede

Asante Maalim, nimesahihika. Lakini basi ndovu tuwaweke wapi? Sisi sote tumeisoma Suratul Fil, sura ya Ndovu, tukiwa chuoni.

Maalim wa Malindi

Umefika mahali ninapopapenda. Wasimulizi wa Sira, habari za maisha ya Mtume, wanaeleza kwamba ndovu wa Abraha, mtawala wa Yemen aliyekuja kuibomoa Al-Kaaba, alipoelekezwa Makka alipiga magoti na kukataa kusonga, na alipogeuzwa upande mwingine aliinuka akaenda. Hilo ni jambo la Mwenyezi Mungu na silileti hapa kama hoja ya ufundi.

Kwa upande wa vita vya kawaida, Hannibal, jemadari wa Carthage, aliingia uwanja wa Zama mwaka 202 KK akiwa na ndovu 80. Scipio wa Roma aliacha njia wazi baina ya vikosi vyake, akapiga baragumu na pembe, na ndovu wengine wakapita katika njia zile bila kudhuru watu wengi, wengine wakageuka na kuwavuruga wapanda farasi wa Hannibal mwenyewe. Hata hivyo siwezi kuwaita ndovu silaha isiyofaa, kwa sababu waliwahi kushinda vita vingi dhidi ya watu ambao hawajapata kuwaona. Ubaya wao ni kwamba kila aliyepigana nao mara ya pili alikuwa ameshajifunza.

Fundi Vyuma

Mnazungumza habari za wanyama na mchanga; niruhusuni nizungumze chuma. Wajerumani walitengeneza mtutu uliopinda, ukaitwa Krummlauf, wa kufungwa kwenye bunduki ya StG 44 ili askari apige risasi akiwa nyuma ya kona au ndani ya kifaru. Ule uliopinda nyuzi 30 ulifanya kazi, lakini haukudumu zaidi ya risasi 300 hivi. Risasi haipendi kupinda. Inausugua mtutu upande mmoja, na mara nyingi yenyewe inatoka imevunjika vipande. Walitoboa matundu ili gesi itoke na kupunguza msukumo, na bado chuma kilichoka.

Yeyote anayefua vyuma anajua kwamba kosa hapa si la kumsahau mtu wala mahali. Mtu alikumbukwa sana, kwa sababu lengo zima lilikuwa kumficha asipigwe. Kosa ni kukilazimisha chuma kifanye kinyume cha tabia yake. Nawaheshimu wote waliotangulia, ila naona mnazunguka mlango.

Mwanafunzi wa Historia

Shikamooni. Nimesoma kwamba mzinga mkubwa kuliko yote, Gustav wa Wajerumani, uliupiga mji wa Leningrad kwa mamia ya makombora. Huo nao tuuhesabu?

Nahodha wa Shela

Marahaba, mwanangu. Tuuhesabu, lakini mji wake ni Sevastopol, mwezi wa Juni mwaka 1942, na makombora yalikuwa 48 tu. Baada ya hapo ulipelekwa karibu na Leningrad na haukufyatuliwa kule. Uzito wake ulikuwa tani 1,350, upana wa mdomo sentimita 80, na kombora lake la kutoboa zege lilikuwa na uzito wa tani 7 na kitu. Ulitembea juu ya reli mbili sambamba zilizojengwa kwa ajili yake, na maelfu ya watu walihitajika kuijenga njia, kuuunga na kuulinda dhidi ya ndege.

Chombo kinachohitaji maelfu ya watu ili kipige mara 48 kinanikumbusha jahazi ambalo kulipakia kunachukua msimu mzima, hata kaskazi likakatika bado liko bandarini.

Binti Siyu

Kaka zangu na Mzee wetu, wote mnaichukulia silaha kwamba imetengenezwa ili ipige. Mimi nimekulia Siyu, mji uliojulikana kwa mafundi wa vitara na majambia, na katika nyumba yetu kuna kitara ambacho bwana harusi hukishika siku ya kutolewa. Kina mpini mzuri, ala ya ngozi iliyonakshiwa, na ubapa wake hauwezi kukata hata kamba ya usumba. Hakuna anayekiita silaha iliyoshindwa. Kimetimiza kazi yake kila harusi.

Tazameni na ule mzinga wa Moscow, uliosubuwa na Andrey Chokhov mwaka 1586. Mdomo wake una upana wa milimita 890 na uzito wake unakaribia tani 40. Watu husema ni mfano wa upumbavu kwa sababu mipira iliyopangwa mbele yake haiwezi kufyatuliwa. Lakini mipira ile ilitengenezwa karne ya 19 kwa ajili ya mapambo tu, na mzinga wenyewe, kwa umbo lake, ulifaa kumwaga kokoto za mawe. Uliwekwa Kremlin, ngome ya watawala wa Urusi, ili mgeni aingiapo aone na akatoe habari. Jibu la mjukuu wa Mzee wa Mkunguni liko hapo: kuogopwa ni kazi pia.

Mzee wa Mkunguni

Binti yangu, umenifikirisha sana. Nitamweleza mjukuu maneno yako. Ila nakuuliza: bunduki ya Nock nayo ilikuwa ya kuogopwa? Waliitumia vitani wakaumia.

Karani wa Bandari

Naomba niingie kwa upande wa fedha, ambao naona umeachwa. Mwaka 1718 James Puckle, mwanasheria wa London, alipewa hataza, yaani hati ya kumlinda mbunifu, ya bunduki iliyosimama juu ya miguu mitatu, yenye mtutu mmoja na kasha la mzunguko nyuma yake lililogeuzwa kwa mkono. Inasemwa sana kuwa ilikuwa bunduki ya rashasha. Haikuwa hivyo, kwa kuwa ilitumia gumegume na kila risasi ilihitaji kugeuza na kukaza kasha. Pamoja na hayo, katika onyesho moja ilipiga mara 63 kwa dakika 7 wakati wa mvua, na kwa zama zile hilo lilikuwa jambo kubwa.

Katika hataza yake Puckle alieleza makasha ya namna mbili: la risasi za mviringo za kuwapigia Wakristo, na la risasi za mraba za kuwapigia Waturuki, kwa imani kwamba za mraba huumiza zaidi. Mimi kama Mwislamu nimeisoma habari hiyo kwa uchungu, na sioni kwamba ipo kwa bahati mbaya. Risasi ya mraba hairuki sawa, na fundi yeyote angemwambia hivyo. Lakini Puckle alikuwa akiuza hisa za kampuni, katika miaka ile ambayo London ilikuwa imejaa watu wanaonunua hisa za kila kitu, na risasi ya mraba iliuza. Wapinzani wake walichapisha karata ya kumkejeli wakisema kwamba watakaojeruhiwa na mashine ile ni wenye hisa peke yao.

Kwa hiyo nyuma ya silaha nyingi za namna hii mimi namwona muuzaji, na aliyemfikiria ni mnunuzi.

Fundi Vyuma

Karani, hapo nakubaliana nawe kuhusu risasi ya mraba. Sikubaliani kuhusu kasha la mzunguko. Wazo lile lilikuwa sahihi, ila mafundi wa mwaka 1718 hawakuwa na zana za kulichonga kasha likakaa sawasawa na mtutu kila mara bila kuvujisha moto. Zaidi ya miaka 100 baadaye bastola za mzunguko zilienea dunia nzima. Puckle aliwahi mno. Tuongeze na hilo: kuna silaha iliyoshindwa na kalenda.

Mvuvi Mstaafu

Nimewasoma wote tangu juu. Nitoe kisa changu, kisha nirudi kwenye historia.

Nilipokuwa kijana Malindi tulitengeneza bunduki za kupigia samaki kwa mti, mpira wa tyubu na chuma kilichonolewa. Moja haikunitosha. Nikaunda ya vyuma viwili, mipira minne, ili nikikosa kwa kimoja nipate kwa cha pili. Niliijaribu mara moja tu. Mipira ya upande mmoja ilikuwa mikongwe, mti ukageuka mkononi mwangu, chuma kimoja kikaenda kwenye mwamba na mpira uliokatika ukanipiga jicho. Kwa siku kumi sikuona vizuri. Nilikuwa nimeufikiria mkono wangu, nikapafikiria mahali, nikakifahamu chuma. Nilichokosa ni subira ya kuijaribu nchi kavu kwanza. Kwa hiyo Nahodha anapoeleza habari ya maroketi yasiyowaka sawasawa, naielewa kwa jicho hili la kushoto.

Sasa kwenye historia. Hakuna aliyetaja meli ya barafu. Mwaka 1942 Mwingereza Geoffrey Pyke alipendekeza itengenezwe meli ya kubebea ndege kwa barafu, kwa kuwa chuma kilikuwa haba na manowari za Wajerumani zilikuwa zikizamisha vyombo katika Atlantiki. Barafu tupu hupasuka, basi wakachanganya na nyuzi za mbao, kama sehemu 14 kwa 100, ikawa ngumu ajabu na haiyeyuki upesi. Sisi tuliokuwa tukifunika barafu ya samaki kwa unga wa msumeno tunaielewa nusu ya siri hiyo. Mwaka 1943 walijenga mfano wa mita 18 kwa 9 katika ziwa Patricia huko Kanada, wenye uzito wa tani 1,000, nao ulielea.

Meli kamili ingekuwa na urefu wa mita 600. Haikujengwa, na sababu yake haiko katika orodha zenu: wakati hesabu zinakamilika, haja ilikuwa imeondoka. Ndege zilipata uwezo wa kuruka mbali zaidi, Ureno ikaruhusu visiwa vya Azores vitumike, na ikaonekana kwamba mitambo na mabomba ya kuipoza meli yenyewe yangekula chuma kile kile walichotaka kukiokoa.

Mwanafunzi wa Historia

Pole sana kwa jicho, babu. Nauliza: mizinga ya hapa Lamu ilitumika katika vita vya Shela?

Nahodha wa Shela

Usiifunge Ngome ya Lamu na vita vile, mwanangu. Vita vya Shela, watu wa Lamu dhidi ya Pate na Wamazrui wa Mombasa, vilipiganwa karibu na mwaka 1812 au 1813; Ngome yetu ilijengwa baada yake na kumalizika karibu na mwaka 1821. Na wazee wetu wanasimulia kwamba kilichowaangamiza wavamizi ni maji kupwa. Walipotaka kurudi vyomboni walivikuta vimekaa juu ya mchanga. Ndiyo maana nashikilia neno langu la mahali.

Maalim wa Malindi

Kabla hatujaihukumu mizinga mikubwa yote, nataka kuleta kisa kinachosumbua kila maelezo yaliyotolewa hapa. Mwaka 1453 Sultan Mehmed aliuzingira mji wa Konstantinopoli akiwa na mzinga uliosubuwa na Orban, fundi aliyekuwa ameanza kwa kumtolea huduma yake mfalme wa mji ule ule, akakosa malipo. Ulivutwa na ng'ombe 60, ukapiga takribani mara saba kwa siku, na usiku wenyeji walikuwa wakiziba matundu kwa magogo na vifusi. Kwa hesabu ya Fundi na ya Nahodha, huo ulikuwa mzigo. Lakini mji ulitekwa.

Kisha mwaka 1464 Munir Ali akasubu mzinga wa shaba wa aina hiyo hiyo, wa tani karibu 17, wenye vipande viwili vinavyoungwa kwa skrubu. Mizinga ya namna ile iliachwa katika mlango wa Dardanelles kwa vizazi na vizazi, ikapitwa na kila ufundi mpya. Mwaka 1807, meli za Admirali Duckworth wa Uingereza zilipopita, mizinga hiyo mikongwe ya kurusha mawe ilizipiga na kuwaua mabaharia. Mmoja wao leo uko Fort Nelson, karibu na Portsmouth, baada ya Sultan Abdulaziz kumzawadia Malkia Victoria. Je, silaha iliyongoja zaidi ya miaka 300 tuiite ya kufaa au ya kutofaa?

Fundi Vyuma

Tuiite ya kungoja. Katika mlango mwembamba wa bahari meli ndiyo inayoufuata mzinga, na hapo uzito si hasara. Sijashawishika kwamba kisa hicho kinamtetea Orban.

Karani wa Bandari

Nami sijashawishika kwamba kinamwondoa muuzaji. Orban alimwendea aliyekuwa na fedha.

Binti Siyu

Narudi kusahihisha neno langu mwenyewe. Jioni hii nimemuuliza mjomba kuhusu kitara chetu. Ameniambia kilikuwa na makali, tena makali ya kweli, kwa kuwa aliyekifua alikuwa fundi wa silaha. Babu ndiye aliyeamuru kitiwe tupa mpaka kife, kwa sababu msafara wa harusi hupita vichochoro vyembamba na vijana husongamana. Nimekitoa alani sasa hivi na kukitazama kwa taa: alama za tupa zipo, kutoka mpinini hadi nchani, upande mmoja tu.